Maji Yalipokupwa: Shajara ya Siku Sita katika Hoteli ya Pwani

Siku ya kwanza, Jumapili

Tulifika saa kumi alasiri, wakati bahari ilikuwa imekupwa hata miamba na nyasi za chini zikabaki wazi kwa umbali mrefu. Dada yangu mkubwa, ambaye alistaafu uuguzi mwaka jana na ambaye mgongo wake bado unalipa deni la miaka mingi ya kuwainua wagonjwa, aliutazama ule ufuko mtupu na kuuliza kama bahari tuliyoilipia hufungwa siku za Jumapili. Nilimweleza kwamba mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia, kwa hiyo tulikuwa tumeingia katika siku za bamvua, ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba asubuhi angeikuta bahari yake karibu na kibaraza.

Gari lililotuleta lilibaki kwenye maegesho yaliyo mbali na majengo, na mizigo yetu ikapakiwa kwenye kigari cha umeme kilichokwenda bila mlio. Ukimya ule ulitushtua kidogo, kama unavyoshtuka jokofu linapozimika nyumbani ndipo ukatambua kuwa lilikuwa likinguruma siku nzima.

Hapa sina budi kueleza jambo lililonisumbua tangu nilipolipa malipo ya awali. Maneno “watu wazima pekee” katika lugha yetu yamezoea kubandikwa mahali ambapo mtu hapendi kuonekana akiingia, na nilipomtajia shangazi aina ya hoteli tunayokwenda, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama dada yangu anajua. Maana yake ni ya kawaida kabisa: hoteli haipokei wageni walio chini ya umri fulani, ambao mara nyingi ni miaka 18 na kwingineko 16, ili mabwawa yasipigiwe kelele na vyumba vya mvuke visiwe na mtu ambaye joto lile halimfai. Dada, ambaye ana wajukuu wanne na anawapenda wote, alisema kwamba hakuna sharti lingine la hoteli yoyote aliyowahi kulisoma kwa furaha kama hilo.

Mapokezi tulipewa maji katika bilauri za kioo, fomu ndefu ya maswali ya afya kwa ajili ya spa, yaani sehemu ya mabwawa ya tiba, mvuke na kukandwa, na ombi ambalo sikulitarajia: binti wa mapokezi alitaka kuona losheni yetu ya kukinga jua. Aliigeuza chupa, akasoma orodha ya viambato kwa kidole kama mwalimu anayesahihisha daftari, akasimama kwenye neno oksibenzoni, kemikali inayozuia miale ya jua. Losheni yetu ilitiwa kwenye bahasha yenye namba ya chumba, tukapewa nyingine iliyotengenezwa kwa zinki oksidi, ambayo ni nyeupe, nzito, na ilitufanya sote wawili tufanane na watu waliopakwa unga. Nilijua kidogo habari hiyo. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku losheni zenye kemikali za namna hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2020, na jimbo la Hawaii lilipitisha sheria mwaka 2018 iliyozuia uuzaji wa zile zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba kemikali hizo hudhuru matumbawe machanga. Hata hivyo ni haki kuongeza kwamba kinachoyapausha matumbawe kwa wingi duniani ni joto la bahari lililozidi, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiasi gani cha losheni hufika kwenye mwamba halisi. Hoteli ilikuwa imechagua tahadhari, nami sikuwa na sababu ya kugombana nayo.

Chumba hakina kiyoyozi. Kina madirisha yanayotazamana, moja likipokea upepo wa bahari na jingine likiutoa, paa lenye upenu mpana unaozuia jua lisipige ukutani, na feni ya darini izungukayo polepole. Hakina jokofu dogo la vinywaji wala chupa za plastiki. Sabuni na shampuu zimo katika vyombo vya kauri vilivyofungwa ukutani. Kitandani palikuwa na kadi ya kijani, yenye mchoro wa jani, ikituomba tulitundike taulo kama tunataka kulitumia tena na kuliacha sakafuni kama tunataka lifuliwe, “kwa ajili ya bahari yetu.”

Dada aliisoma kadi ile mara mbili. “Mdogo wangu,” akasema, “hii inaokoa bahari au inaokoa sabuni yao?”

Hajui kwamba swali lake lina historia. Neno la Kiingereza “greenwashing,” linalotumika leo kwa hila ya kampuni kujipaka rangi ya kijani bila kuwa na matendo ya kijani lilitungwa na Mmarekani aitwaye Jay Westerveld katika insha ya mwaka 1986, na kilichomchokoza kilikuwa kadi za taulo za hotelini kama hii. Alikuwa ameona hoteli zinazomhimiza mgeni ahifadhi taulo huku zenyewe zikifanya machache sana kwingineko. Nililala nikiwa nimeweka nia moja, kwamba kabla sijaondoka nitaomba kuonyeshwa upande wa nyuma wa hoteli, ule usiopigwa picha.

Siku ya pili, Jumatatu

Bahari ilijaa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, na kama nilivyoahidi, maji yalikuwa karibu yaguse ngazi ya kibaraza. Ubao ulio karibu na mgahawa huandikwa kila siku saa za kujaa na kupwa, na ratiba ya kuogelea baharini hufuata ubao huo. Kwa kuwa maji hujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ratiba husogea mbele kila siku karibu dakika 50, na mgeni aliyezoea kufanya mambo kwa saa ile ile hulazimika kuachana na mazoea yake. Nililipenda hilo kuliko kitu chochote walichotuuzia baadaye.

Siku yenyewe ilikuwa ya spa. Dada alikuwa amejaza fomu ya afya kwa ukweli wa muuguzi, akataja shinikizo la damu, dawa anazomeza na pingili za mgongo zenye kasoro, na kwa sababu hiyo mhudumu alimpangia dakika chache tu za sauna, kwenye benchi la chini, tena akiwa na mwenzake. Mimi nilikuwa nimeweka alama ya “hapana” katika kila swali, kwa kiburi cha mtu ambaye hajapimwa karibuni.

Kwanza tuliingia katika bwawa la maji ya bahari yaliyopashwa moto hadi nyuzi 34. Ukisimama humo maji yakifika kifuani, miguu hubeba takriban theluthi moja tu ya uzito wa mwili, na chumvi, ambayo katika bahari kuu ni kama gramu 35 kwa kila lita, huongeza kidogo nguvu ya kuelea. Nilimwona dada akinyoosha mgongo wake taratibu, akapinda kulia, akapinda kushoto, kisha akafumba macho. Hakusema neno kwa dakika kumi, na wanaomfahamu watajua uzito wa ushahidi huo.

Tiba hii ya maji ya bahari si uzushi wa mahoteli ya leo. Mwaka 1750 daktari Mwingereza Richard Russell alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu matumizi ya maji ya bahari katika magonjwa ya tezi, akawa akiwapeleka wagonjwa Brighton kuoga na hata kuyanywa, jambo ambalo nisingelipendekeza. Ufaransa ndiko tiba hiyo ilikopewa jina lililotoholewa kutoka neno la Kigiriki la bahari, na mwaka 1899 daktari Louis Bagot alifungua kituo chake Roscoff, katika pwani ya Brittany. Lakini aliyeigeuza kuwa jambo la likizo alikuwa mwendesha baiskeli, Louison Bobet, mshindi wa Tour de France mara tatu mfululizo kuanzia 1953 hadi 1955. Aliumia vibaya katika ajali ya gari, akapata nafuu Roscoff, na mwaka 1964 akafungua kituo chake mwenyewe Quiberon, kikiwa na hoteli pembeni. Hoteli tuliyolala, pamoja na majoho yake meupe na chai zake za majani, ni mjukuu wa mbali wa ajali hiyo ya gari.

Saa nane mchana tuliingia sauna. Kwa desturi ya Wafini, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa tamaduni zisizoshikika, chumba huwa na joto la kati ya nyuzi 80 na 100, lakini hewa yake huwa kavu, ndiyo maana mtu huvumilia. Dada alinisimulia, huku jasho likimtiririka, kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliowafuatilia wanaume 2,315 wa Finland mashariki kwa takriban miaka 20, ukaonyesha kwamba waliokwenda sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko waliokwenda mara moja. Kisha akaongeza kwamba hao walikuwa wanaume, tena wa jamii moja, na kwamba mtu mwenye nguvu ya kwenda sauna kila siku huenda alikuwa mzima tangu hapo. Akatoka mhudumu alipomwita. Mimi nilibaki, kwa kuwa sikutaka kuonekana mnyonge kuliko mtu aliyenizidi miaka kumi na moja, na niliposimama hatimaye, ukuta wa mbao ulinijia usoni. Joto hupanua mishipa ya damu, damu hujikusanya miguuni, na anayesimama ghafla hukosa ya kutosha kichwani. Dada alinikuta nimeketi sakafuni nje ya mlango, akanyanyua miguu yangu juu ya benchi, akaniletea maji. Fomu yangu hakuitaja, lakini usiku wakati wa chakula aliuliza, bila kuniangalia, kama nilijua kusoma.

Jioni ilikuwa zamu ya kukandwa. Katika orodha ya huduma palikuwa na huduma ya kufungwa mwani mwilini, “inayotoa sumu mwilini,” na dada, ambaye ameishi maisha yake yote ya kazi miongoni mwa mashine za kusafisha damu, hakuweza kuliacha neno hilo lipite. Alimuuliza mkandaji ni sumu ipi hasa, na hutokea wapi, kwa kuwa yeye alifundishwa kwamba kazi hiyo hufanywa na ini na figo, na kwamba jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa mno. Mkandaji, mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi yenye nguvu, alicheka. “Mama,” akasema, “mimi naukanda mgongo. Hayo ya sumu yameandikwa na watu wa mauzo.” Tangu hapo wakawa marafiki, na mgongo wa dada ukapewa saa nzima na robo badala ya saa moja iliyolipiwa. Mwani tuliuacha, ingawa nakiri kwamba harufu yake ilikuwa nzuri.

Siku ya tatu, Jumanne

Mawingu tangu alfajiri. Mvua ya manyunyu, upepo, bahari ya rangi ya bati. Nilisoma, nikalala, nikasoma tena.

Saa moja jioni maji ya bombani yalikuwa vuguvugu, na saa mbili yalikuwa baridi. Nilishuka mapokezi nikiwa na povu la shampuu nyuma ya sikio, nikaambiwa kwa adabu kwamba hoteli hutegemea jua kupasha maji, na leo jua halikuwapo. Jibu hilo lilinikera. Mgeni anayeambiwa kuwa taabu yake ni sehemu ya wema hawezi hata kulalamika vizuri. Dada alikereka kwa sababu nyingine. Alimweleza binti wa mapokezi kwamba baridi haimuui mtu, lakini tangi la maji vuguvugu lina hatari yake, kwani bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, na jina lao lilitokana na maveterani wa chama cha American Legion waliougua baada ya kukutana katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976. Akauliza tangi lao huhifadhiwa kwa nyuzi ngapi. Binti hakujua, lakini aliandika swali hilo, na kesho yake asubuhi tukapokea ujumbe kwamba fundi mkuu angependa kulijibu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyopata mlango wa nyuma bila kuuomba.

Siku ya nne, Jumatano

Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alianza kwa kukiri kosa. Mapipa ya maji ya moto hupashwa na jua, na siku za mawingu kipasha-joto cha akiba, kinachotumia umeme, hutakiwa kuwashwa mchana ili maji yafike nyuzi 60 kabla ya wageni kurudi vyumbani. Jana kiliwashwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kila mtu alitumaini kwamba mawingu yangefunguka. “Tulikuwa tunabana umeme, mama,” alimwambia dada, “tukabana mahali pasipobanwa.” Alituonyesha kipimajoto cha tangi na daftari la kumbukumbu zake, dada akavaa miwani na kulipitia ukurasa kwa ukurasa, akarudisha na kusema kwamba wodi zake kadhaa hazikuwahi kuwa na daftari safi namna hiyo. Tukawa tumeingia.

Nyuma ya ua wa miti kuna hoteli ya pili. Huko ndiko kunakonguruma kila kitu kisichosikika mbele. Chumba cha kwanza kina mtambo wa kuondoa chumvi, kwa kuwa kisima cha hapo kiliwahi kuingiliwa na maji ya bahari kwa kuvutwa kupita kiasi, kama visima vingi vya pwani. Mtambo huyasukuma maji ya bahari kwa shinikizo la zaidi ya mara 50 ya shinikizo la hewa, yakapenya utando mwembamba sana unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Mitambo mizuri ya leo hutumia kama kilowati-saa tatu hadi nne kwa kila mita moja ya ujazo, na chini ya nusu ya maji yaliyoingia ndiyo hutoka yakiwa matamu. Yaliyobaki hutoka yakiwa na chumvi karibu maradufu. Maji hayo mazito huzama. Yakiachiwa mahali palipotulia, hutandaza chumvi juu ya sakafu ya bahari na kuudhi kila kiumbe kilichopo. Fundi alisema bomba lao huyatoa mbali, penye mkondo, kupitia matundu mengi madogo ili yachanganyike upesi. Nilimuuliza kama kuna anayepiga mbizi kwenda kukagua hapo chini. Alisema yupo, mara mbili kwa mwaka, kisha akafikiri na kusema kwamba mwaka huu ilikuwa mara moja.

Hapo ndipo kadi ya taulo ilipoanza kunieleweka. Mahali ambapo kila lita ya maji matamu imenunuliwa kwa umeme, taulo moja lisilofuliwa ni maji, ni umeme wa kuyatengeneza, ni umeme wa kuyapasha, na ni chumvi isiyorudishwa baharini. Basi kadi ilisema kweli. Kosa lake ni kusema kwa lugha ya mashairi jambo ambalo lingesomeka vizuri zaidi kama hesabu. Wapo waliolichunguza hilo kwa makini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walibadilisha maneno ya kadi za namna hiyo katika hoteli moja, wakaona kwamba wageni walitumia tena taulo zao zaidi walipoambiwa kwamba wengi waliolala humo kabla yao walifanya hivyo, kuliko walipoombwa tu wayahurumie mazingira. Nilimweleza fundi. Alisema atawapelekea watu wa ofisini, kwa sauti ya mtu aliyewapelekea mengi.

Dobini palikuwa na mashine kubwa mbili na kamba ndefu za kuanikia, nami nilifurahi kuona kwamba shuka zetu hukaushwa na upepo. Maji ya kuogea na kufulia hupitia matangi ya kutulizia, kisha hupitishwa polepole katika vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete, ambamo bakteria walio kwenye mizizi na mawe hula uchafu, na mwishowe hunyweshea bustani. Jikoni huulizwa kila mgeni jioni atakula nini asubuhi, badala ya kupanga meza ndefu ya kujipakulia ambayo nusu yake huishia pipani. Mabaki machache yaliyopo huozeshwa kuwa mbolea.

Nilimuuliza fundi ni sehemu gani ya hoteli inayomkosesha usingizi. Sikutarajia anyooshe mkono kuelekea spa. Bwawa la nyuzi 34 hupoteza joto usiku kucha, ingawa hufunikwa turubai. Pampu ya joto huchuma joto kutoka hewani na hutoa vipande kadhaa vya joto kwa kila kipande kimoja cha umeme inachotumia, lakini bado ndiyo mlaji mkubwa. Sauna huwashwa hata ikiwa na mtu mmoja. Mabomba ya mvuke, manyunyu ya mgongo, taulo tatu kwa kila anayekandwa. “Wageni huja kwa ajili ya kule,” alisema, “na mimi huku nyuma nalipia kule.” Kisha, kama aliyeona amesema mengi, akatuuliza tulikuja kwa usafiri gani. Tulimwambia kwa ndege. Hakusema kitu. Alifunga mlango wa chumba cha mtambo, akatufungulia lango la bustani.

Siku ya tano, Alhamisi

Leo ubao ulisema maji yatajaa saa saba na dakika ishirini mchana, na bamvua lilikuwa likilegea. Mstari wa mwani uliobaki mchangani ulionyesha kwamba bahari haikufika ilikofika Jumatatu.

Niseme sasa kuhusu utulivu, kwa sababu ndio uliouzwa kuliko vyote. Siku tatu za mwanzo niliamini kwamba ulitokana na kutokuwapo kwa watoto. Leo mchana walifika wageni sita, wote wenye mvi, wakiwa na spika ndogo na furaha kubwa, na kwa muda wa saa mbili bwawa la nje lilikuwa na kelele ambazo darasa zima la chekechea lisingezifikia. Mhudumu aliwaendea mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, mpaka spika ikazimwa. Kumbe utulivu ule ulikuwa kazi ya watu: kuna mtu anayepaka mafuta bawaba za milango, mtu aliyechagua viti vya mbao visivyokwaruza sakafu, mtu anayekwenda kumwomba bwana wa miaka sitini ateremke kutoka mabegani mwa rafiki yake. Dada alisema wajukuu wake wangewafundisha wazee wale adabu. Baada ya chakula niliona anaangalia picha zao kwenye simu.

Usiku taa zote za upande wa bahari zilizimwa au zikafunikwa, zikabaki taa za rangi ya kaharabu zilizowekwa chini usawa wa magoti. Kasa hutaga katika ufuko huo, na tulikuwa tumeonyeshwa uzio mdogo wa vijiti unaozunguka kiota kimoja. Kasa jike hutaga mayai kama 100 kwa mara moja, akayafukia, akarudi baharini asiyaone tena. Mayai hukaa mchangani kwa miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo huamua jinsia, mchanga wenye joto zaidi ukizaa majike. Watoto hutoka usiku na kukimbilia upande ulio na mwanga zaidi. Tangu zamani upande huo ulikuwa bahari inayomulikwa na mwezi na nyota. Hoteli yenye taa nyeupe huwageuza, wakaenda barabarani au bustanini, na jua huwakuta huko. Rangi nyekundu na ya kaharabu huwapotosha kidogo, kwa kuwa macho yao hayavutwi sana nayo.

Tulikaa kwenye mkeka na wageni wengine wanne, pamoja na mlinzi wa ufuko, kuanzia saa nne usiku hadi saa saba. Siku zilikuwa zimetimia kwa hesabu yake. Hakuna kilichotoka. Mchanga ulibaki vile vile, kaa wawili wakapita, mwezi uliopungua ukachomoza nyuma ya majengo. Mmoja wa wale wageni wa mchana, yule wa mabegani, alikuwa ndiye aliyekaa kimya kuliko sote, na alipoondoka aliuliza kwa kunong’ona kama akija mwakani anaweza kupewa chumba hicho hicho.

Siku ya sita, Ijumaa

Niliamka mapema kutazama kiota. Bado. Mlinzi alisema huenda ikawa leo, huenda ikawa baada ya siku tatu, na kwamba kasa hawasomi daftari lake.

Dada aliingia bwawa la maji moto kwa mara ya mwisho na kukaa humo mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Anasema mgongo umepungua maumivu, na kwamba hajui kama ni chumvi, joto, mikono ya yule mama, au siku sita za kutomwinua mtu yeyote. Mkandaji alimfundisha mazoezi manne ya kufanya nyumbani, ambayo hayahitaji hoteli.

Tulipohesabu, taulo zetu zilikuwa zimefuliwa mara moja tu, Jumatano, na hiyo ni kwa sababu nilimwagia chai. Bili ilikuwa sahihi. Maji vuguvugu ya Jumanne yalifidiwa kwa kupunguziwa kidogo, bila sisi kudai. Katika fomu ya maoni dada aliandika neno “sumu,” akalizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza. Mimi niliandika kwamba ziara ya fundi ingefaa kuwekwa kwenye orodha ya huduma, juu ya mwani.

Kigari cha umeme kilikuwa kimekwisha kupakiwa binti wa mapokezi alipotukimbilia na bahasha yenye namba ya chumba chetu. Ndani yake ilikuwamo ile losheni ya oksibenzoni, ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Dada aliishika, akaitazama, akamuuliza binti kama hoteli ina mahali pa kuitupa ambapo haitafika baharini.

Binti alifikiri. Alimtazama mwenzake aliyekuwa nyuma ya meza, naye akamtazama bawabu, na bawabu akasema kwamba nyingine kama hizo zimo kabatini, nyingi, tangu walipoanza, na kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Dada aliitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu, tukaondoka.